Nyuzi Mia Mbili na Ishirini

Mtu mzima akipiga magoti katikati ya jengo la maduka saa sita mchana, akaisogezea ngazi ya umeme maikrofoni kama anayemlisha mgonjwa uji, watu hawawezi kuacha kumtazama. Wengine walimruka. Mama mmoja alimvuta mwanawe pembeni. Mlinzi wa zamu alisubiri kidogo, labda jamaa angejirekebisha mwenyewe, kisha akamwendea.

"Bwana, unafanya nini hapo?"

"Narekodi."

"Unarekodi nini?"

"Ngazi."

Mlinzi aliitazama ngazi, akamtazama yeye. "Na imesema nini?"

"Imesema inaumwa," ilijibu sauti ya kike nyuma yao. "Huyu yuko nami, kaka. Sisi ni mafundi. Tunasikiliza mota."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa ovaroli ya kijani iliyokunjwa mikono hadi kwenye viwiko, kilemba cha manjano kichwani, na mfuko mzito wa vifaa begani. Hakuwa na bangili wala hereni. Mlinzi aliutazama ule mfuko, akaridhika, akawaambia wafanye haraka maana wanaziba njia.

Aliyepiga magoti akainuka. Shati lake lilikuwa limefungwa vibaya, kila kifungo kimeingia tundu la jirani yake.

"Umenidanganyia mtu," alisema.

"Nusu tu. Mimi ni fundi kweli. Wewe ndiye nisiyekujua."

"Fundi wa ngazi?"

"Wa piano. Nakaza nyuzi." Akaisikiliza ngazi, uso umekunjamana. "Hii inalia katikati ya noti mbili. Imenikera tangu nilipoingia. Iko karibu zaidi na ile ya chini."

Yule bwana akatazama kipimo kwenye kifaa chake. Ilikuwa kweli, karibu zaidi na ile ya chini. Miaka kumi na miwili alikuwa akitafuta mtu wa kumwambia mambo kama hayo bila kuulizwa kama amelala vizuri.

Alikuwa mtunzi wa muziki, lakini si wa kuchezwa harusini. Alichukua piano na fidla, akazipigisha taratibu kama ukumbini. Chini yake akatandaza miungurumo mirefu ya friji, feni na mvua, kisha mashine zake za umeme zikadunda polepole humo ndani. Dada yake mkubwa, muuguzi asiye na simile, aliuita muziki wa kusubiri daktari.

"Naomba namba yako," alisema mtunzi.

"Ya nini?"

"Nyumbani nina friji. Ningependa uisikilize."

Fundi aliangua kicheko, akampa.

Kuanzia siku hiyo simu zao hazikupoa.

"Bwana Kelele, umekula?"

"Nadhani."

"Unadhani?"

"Kuna sahani hapa, ni chafu. Ushahidi unaonyesha nimekula."

"Ushahidi wa jana huo. Na hayo maji yanayomwagika ni nini?"

"Naosha vyombo."

"Ulisema unaandika muziki."

"Naandika. Nikikwama naosha. Nikikwama zaidi napiga deki. Nyumba yangu ikiwa safi ujue mambo ni mabaya, mpenzi."

Neno hilo la mwisho lilimponyoka.

"Rudia," alisema fundi.

"Nikikwama napiga deki."

"Mjanja wewe! Hilo la mwisho."

Akalirudia. Fundi alikuwa ndani ya stoo ya kanisa, amelala chali chini ya piano kuukuu, vumbi limemjaa machoni, na akatabasamu peke yake kama mtu aliyepungukiwa akili.

Mtunzi hakuwa mtu wa kutulia. Alizungumza akitembea, alikula akiwa amesimama, na hata akimkumbatia mwenzake kidole kimoja kilikuwa kikigonga mgongoni mwake hesabu za mdundo fulani. Alikuwa na sababu. Kikundi cha dansi chenye jina kubwa kilikuwa kimempa kazi ya dakika hamsini, sehemu sita, ya kufungulia jumba jipya la sanaa. Kabla ya hapo alikuwa ametunga muziki wa matangazo ya sabuni. Hii ilikuwa nafasi ya kutoka kwenye sabuni, na zilibaki wiki tatu.

"Nisikilizishe basi hata kidogo," fundi alimwambia jioni moja, wamekaa sakafuni nyumbani kwa mtunzi, ghorofa ya nne, dirishani mafundi wa jengo la jirani wakigonga nondo.

"Ikiisha."

"Dakika moja tu, kipenzi."

"Ikiisha, nimesema. Kitu kisichoisha hakisikilizwi na mtu."

Alilisema kwa upole, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Ndivyo alivyoishi. Hata mama yake mzazi hakuwahi kusikia kazi yake nusu.

Piano ilikuwa pale pale sebuleni, imefunikwa shuka, juu yake nyaya zimelundikana. Aliinunua hoteli moja ilipofunga milango. Sauti yake ilikuwa imeshuka karibu nusu noti, tena si sawasawa. Noti nyingine zilishuka sana, nyingine kidogo, na mbili tatu zilitetemeka kama mtu anayezuia kilio. Mtunzi aliipenda hivyo hivyo. Alikuwa amepachika ukanda wa blanketi kati ya nyundo na nyuzi ili ilie kwa kunong'ona, kisha akazishusha mashine zake zote, moja baada ya moja, zifuate makosa ya piano ile. Sehemu nne alikuwa amekwisha kuzirekodi. Zilibaki mbili.

Hayo yote fundi hakuyajua, na angeyajuaje? Siku moja akipita alibonyeza noti moja tu, mtunzi akaruka na kufunga kifuniko haraka, akiogopa kazi yake isisikike. Fundi alimwona anavyoona haya, akadhani anaionea haya piano. Baba yake, fundi piano mstaafu, alimlea akiamini kwamba piano isiyokazwa ni mtoto asiyechanwa nywele, na aibu ni ya wenye nyumba. Akamwonea huruma mpenzi wake. Akanyamaza, akaweka moyoni.

Mtunzi alipolazimika kwenda siku mbili kwenye mazoezi ya kikundi mji mwingine, alimwachia ufunguo.

"Fundi bomba anakuja kesho asubuhi. Sinki linavuja. Utamfungulia?"

"Nitamfungulia. Na nisikuibie nini?"

"Iba chochote, mpenzi. Acha friji."

Fundi bomba alimaliza kazi kwa dakika ishirini. Fundi piano akabaki peke yake sebuleni, na ule mfuko wake wa vifaa.

Alianza saa tatu. Aliondoa nyaya moja moja akikumbuka kila moja ilipokuwa. Akalitoa lile blanketi, akalikung'uta dirishani, akalikunja vizuri. Piano iliyoshuka kiasi kile haivutwi mara moja, maana ukiivuta mara moja hurudi ilikotoka. Akaizungukia mara mbili, nyuzi mia mbili na ishirini, akikaza, akisikiliza, akilegeza kiasi cha unywele mmoja, akikaza tena. Mafundi wa jirani walipogonga nondo alisubiri wanyamaze. Chakula cha mchana hakukumbuka. Ilipofika saa kumi na moja kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba, na piano ilikuwa inaimba kama siku ilipotoka kiwandani. Akapiga wimbo wa utotoni, akalia kidogo kwa raha. Hakuwahi kumpa mtu zawadi kubwa kuliko ile.

Kesho yake alimngoja akiwa amevaa gauni la buluu la mikono mifupi na viatu vya kuazima kwa mdogo wake. Mtunzi aliingia anahema, begi mkononi, maneno yakimtoka mbio mbio.

"Wamezipenda zile nne! Mwalimu wa dansi amesema niongeze kasi kwenye ya tano. Ngoja, ngoja niijaribu kabla haijanitoka, samahani, sijakusalimia, umependeza sana..."

Akaketi. Akabonyeza.

Akabonyeza tena, mahali pengine. Akainua kifuniko, akatazama ndani. Fundi alimtazama usoni akisubiri furaha, akaona midomo ya mtu inatetemeka, akadhani ndiyo furaha yenyewe.

"Imepona," alimnong'oneza. "Nimeizungukia mara mbili."

"Umefanya nini?"

"Nimeikaza. Ni zawadi yako."

"Nani alikuambia?"

"Zawadi huombewa ruhusa?"

"Hii si zawadi, umeniua!" Alisimama, akatembea hadi dirishani, akarudi. "Sehemu nne! Mashine zote! Kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa ile sauti, na ile sauti haipo tena duniani. Umeingia nyumbani kwangu ukaniua!"

"Mimi nilijuaje? Uliwahi kunisikilizisha hata noti moja?"

"Hukupaswa kujua! Ulipaswa kumfungulia fundi bomba!"

Ulimi hauna mfupa. Maneno hayo yalipotoka, mwenyewe aliyasikia, akatamani kuyala. Fundi alikuwa anauficha nyuma ya gauni ule mkono uliovimba. Hakulia. Alivua viatu vya mdogo wake kwa sababu vilimbana, akavishika, akauweka ufunguo juu ya piano, akatoka peku.

Siku tatu simu ilikaa kimya. Nyumba ya mtunzi iling'aa. Alipiga deki hadi ngazi za majirani.

Siku ya nne ikalia. Alikuwa dada yake.

"Nasikia umemfukuza yule binti mwenye akili."

"Sikumfukuza. Ameniharibia kazi, dada."

"Kwa makusudi?"

"Hapana."

"Alijua?"

"Hapana."

"Kwa nini hakujua?"

Mtunzi alikwangua uchafu ambao haukuwepo kwenye jiko.

"Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Unaficha muziki, unaficha mawazo, halafu unashangaa watu wakikukanyaga gizani. Nenda kaombe radhi. Na uvae shati vizuri."

Alikwenda. Shati alilivaa vizuri, lakini shingoni alining'iniza visikilizio vya masikioni, na begini alikuwa na kompyuta ndogo yenye rekodi zote. Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja kirefu, piano tatu zimefunguliwa matumbo, harufu ya gundi na sufu. Fundi alikuwa anabandika nyundo. Hakuinua uso.

"Nisamehe kwa yale maneno," alisema mtunzi.

"Nimesikia."

"Unaweza kuirudisha?"

Brashi ya gundi ikasimama hewani. "Kurudisha nini?"

"Ile sauti. Nina rekodi, tutasikiliza noti moja moja, unalegeza mpaka ifanane. Hakuna mwingine duniani anayeweza. Zimebaki siku nane."

Kwa mtu aliyelelewa na baba yule, kuombwa aiharibu piano kwa mkono wake kulikuwa sawa na kuombwa aandike jina lake vibaya. Hata hivyo angefanya. Mkono bado ulimuuma, na angefanya. Kilichomzuia ni kitu kingine.

"Umekuja kwa ajili ya piano," aliuliza, "au kwa ajili yangu?"

Mwongo angelijibu hilo upesi na mambo yakaisha. Mtunzi alikuwa mkweli, na ukweli wake ulikuja kwa wakati mbaya kabisa.

"Vyote viwili."

"Kipi kilikuamsha asubuhi?"

Alikawia kujibu. Jibu lilikuwa ndani ya huko kukawia.

"Basi nenda, Bwana Kelele," fundi alisema. "Mimi si kipuri."

Siku saba zilizofuata mtunzi hakupiga deki. Alifungua rekodi za zile sehemu nne, akazikatakata. Akaitafuta kila noti ya ile piano ya zamani mahali ilipokuwa imelia peke yake, hata kwa nusu sekunde, akaikwanyua, akairefusha, akaipanga mpya kama anayeunganisha sahani iliyovunjika. Siku ya tano aliipata sehemu ya tano. Siku ya saba, ya sita. Kazi ikakamilika. Alipaswa kuruka kwa furaha, lakini alikaa kwenye kiti na kutazama ukuta. Kumbe kazi ilikuwa na dawa. Siku zote ilikuwa na dawa, na angeiona siku ile ile kama angefunga mdomo dakika tano. Kwa sahani inayoweza kuungwa alikuwa amemtoa mtu nyumbani kwake miguu peku.

Wachezaji walicheza. Jumba lilijaa, watu wakasimama kupiga makofi, mwalimu wa dansi akamkumbatia mbele ya kamera. Dada yake, aliyevaa gauni la dhahabu kama bibi harusi, alikiri kwamba safari hii daktari amefika. Mtunzi alishukuru kila mtu. Kila aliyempa mkono, mtunzi alitazama juu ya bega lake, kana kwamba kuna mwingine anayekuja nyuma yake. Fundi hakuja. Hakualikwa. Mtunzi aliwaza kumpigia mara tisa, na mara zote tisa aliogopa asionekane amepiga ili kujisifu.

Asubuhi yake alikwenda karakana, akakuta kufuli. Jirani akamwelekeza shule ya wasichana, ukumbini.

Fundi alikuwa jukwaani, ameinamia piano kubwa nyeusi, spana mkononi. Mtunzi alisukuma mlango, ukalia. Fundi akageuka, akamwona, akainua kidole kimoja: kimya. Kisha akageukia kazi yake. Kukaza nyuzi hakutaki mtu anayepumua vibaya, sembuse anayetembea.

Mtunzi akakaa kiti cha mbele.

Noti moja hupigwa mara thelathini, arobaini. Ting. Ting. Ting. Dakika kumi za kwanza goti lilimcheza, akalishika kwa mikono miwili. Nusu saa ikapita. Alitaka kuinuka, alitaka kusema, alitaka hata kukohoa. Kengele ya shule ililia, wasichana wakapita nje kwa vicheko, fundi akasubiri, naye akasubiri. Saa moja nzima ikatimia. Mahali fulani katika saa ya pili kitu kikalegea ndani yake. Akaanza kusikia anachosikia yule mwanamke: nyuzi tatu za noti moja zikigombana, zikisogeleana, ugomvi ukipungua mwendo, ukipungua, kisha ghafla haupo. Akamtazama bega likipanda na kushuka. Akaona mkono wa kulia umefungwa bendeji. Machozi yakamjia, hakuyafuta, maana kitambaa kingepiga kelele.

Saa mbili na nusu zikapita. Fundi aliweka spana chini, akatoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Baba, shikamoo. Nimemaliza ya shuleni."

"Marahaba, mama. Mkono?"

"Unaendelea. Baba, yule Bwana Kelele yuko hapa. Amekaa saa mbili na nusu, hajasema neno."

"Mgonjwa?"

"Simwoni mgonjwa."

"Mwanamume akinyamaza saa mbili na nusu, ama ana deni au ana nia. Mpe simu."

Fundi akainyoosha ile simu. Mtunzi alipanda jukwaani, akaipokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una deni?"

"Hapana, mzee. Nina nia. Naomba kuja nyumbani na dada yangu, tuzungumze."

"Njoo Jumapili. Hilo dirisha hapo nyuma yenu liko wazi, nasikia upepo. Mwambie mwanangu alifunge, unyevu utaishusha piano."

Simu ikakatika. Fundi alifunga dirisha, akarudi, akasimama mikono kiunoni.

"Baba umemwambia," alisema. "Mimi bado."

"Nilidhani umesikia."

"Nimesikia ukimwomba baba. Sijasikia ukiniomba mimi. Na hiyo kazi yako? Siku zimekwisha?"

"Ilichezwa jana. Piano siihitaji tena. Ikae ulivyoikaza." Alivuta pumzi. "Nimeamka leo sina kitu kingine cha kufuata. Ni wewe tu."

Fundi alitazama pembeni. "Mkono wangu ulivimba wiki nzima," alisema polepole. "Sikuuonea uchungu mkono. Niliuonea uchungu moyo. Siku nyingine nikikosea, sema nimekosea. Usiseme nimekuua."

"Ulikosea. Mimi nilikosea zaidi."

"Haya. Sasa omba."

Mtunzi alifungua mdomo. Njiani alikuwa ameipanga hotuba nzuri, yenye mwanzo na mwisho. Haikuja hata sentensi moja.

"Mimi nataka... uwe unakuja. Hapana, usije, ukae. Asubuhi. Usikie vitu vyangu hata vikiwa vibaya, vikiwa nusu. Na vyombo nitaosha, ila si kwa sababu nimekwama, yaani hata nikiwa sijakwama. Sijui kulala ukiwa mbali. Na nakupenda, hilo lilipaswa kuwa la kwanza. Nioe. Nikuoe. Tuoane." Jasho lilimtoka. "Nimevuruga. Ngoja nianze upya, niipange vizuri."

Yule mwanamke, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuondoka mahali akaacha kitu hakijakaa sawa, alimziba mdomo kwa kiganja chenye bendeji.

"Thubutu," alisema, anacheka na kulia. "Nimeipokea. Iache hivyo hivyo."